Auaye kwa Mbali Atajibu kwa Nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Katika mkutano uliopita baadhi yenu mlituuliza: kwa nini chama kizungumze habari za droni wakati mkulima analia bei ya mbolea? Swali hilo ni la haki, na leo tumekuja kulijibu.

Kwanza tukumbuke mambo yetu wenyewe. Mwezi wa Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, wazee wetu walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge. Wao walikuwa na mikuki na magobole. Mjerumani alikuwa na bombom. Watu walianguka wengi sana. Lakini hata siku ile mpiga bombom alikuwa palepale bomani. Aliwaona aliowaua, nao walimwona. Alijua kwamba katika vita vile huenda naye akafa.

Leo hofu hiyo imeondolewa. Droni ni ndege isiyokuwa na rubani ndani yake. Mwongozaji wake yuko chini, pengine katika bara jingine kabisa, ameketi mbele ya kioo kama karani. Ndege humpelekea picha kwa njia ya setilaiti, naye hubonyeza. Jeshi la Marekani limeziongoza ndege za namna hiyo kutoka Creech, katika jimbo la Nevada, na nyingine zimeruka kutoka Djibouti kwenda Yemen na Somalia. Kazi ikiisha, mwongozaji hurudi nyumbani kula na watoto wake.

Wala silaha hii si mali ya mataifa makubwa peke yao. Uturuki huuza droni yake ya Bayraktar TB2, iwezayo kukaa angani zaidi ya saa 20, na nchi kadhaa za Afrika zimeinunua. Huko Ukraine, tangu 2022, vidroni vya dola mia chache vimeharibu vifaru vya mamilioni ya dola. Wengine husema: basi mnyonge naye amepata silaha. Kuna kweli ndani ya maneno hayo, wala hatuikatai. Lakini silaha ikiwa rahisi, vita navyo huwa rahisi. Serikali isiyoletewa majeneza ya askari wake haina haraka ya kutafuta amani.

Sasa sikilizeni habari ya Tudun Biri, kijiji cha jimbo la Kaduna, Nigeria. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2023 watu walikuwa wamekusanyika kwa Maulidi, kama wanavyokusanyika ndugu zetu wa Pwani. Droni ikawapiga. Manusura walisimulia kwamba bomu la pili lilianguka wakati watu wakiwaokoa majeruhi. Waliokufa hawakupungua 85, wakiwamo akina mama na watoto wengi. Jeshi lilisema lilidhani ni majambazi.

Tazameni, ndugu: hapo hapakuwa na mkoloni. Jeshi lilikuwa la nchi yao wenyewe, na ndege ilikuwa mali ya umma. Kioo hakikuonyesha Maulidi. Kilionyesha watu wengi gizani, na mtu wa mbali akakata shauri juu yao. Huko Dedebit, Tigray, Januari 2022, wakimbizi wa vita waliohifadhiwa katika shule walipigwa kutoka angani, wakafa zaidi ya 50. Na huko Somalia, mama mmoja na mtoto waliuawa tarehe 1 Aprili 2018. Jeshi la Marekani lilikiri baada ya mwaka mzima.

Hatusemi majeshi ya Afrika yasiwe na vyombo vya kisasa. Nchi isiyokuwa na macho angani itaibiwa samaki wake, misitu yake na madini yake. Tunayodai ni haya matatu.

Kwanza, kila amri ya kupiga kwa droni iwe na mwenyewe anayejulikana kwa cheo na jina, na Bunge liweze kumwita na kumwuliza.

Pili, uwanja wa ndege wa nchi huru usikodishwe kwa vita vya wengine bila wananchi kuambiwa.

Tatu, mashine isiachiwe kuchagua nani afe. Desemba 2023 nchi 152 katika Umoja wa Mataifa zilipiga kura kwamba jambo la silaha zinazojiamulia zenyewe lishughulikiwe. Kura hiyo isiishie kwenye makabati.

Basi, ndugu, tunarudi kwa mkulima wetu. Fedha ya mbolea na fedha ya droni hutoka mfuko mmoja, na mwenye mfuko ni yeye. Ana haki ya kuuliza bei ya mbolea. Ana haki pia ya kuuliza ndege ile imenunuliwa ya nini, na nani ameshika kitufe chake. Mkirudi vijijini, waambieni hivyo.