Muuaji si Mzimu: Maoni ya Msomaji wa Riwaya za Upelelezi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Usevya)



Nilipoombwa kuzungumza nilidhani nitapewa mada ya kilimo au ya nidhamu, maana hizo ndizo wanazopewa wazee. Katibu akaniambia, "Mzee, sema lolote unalolijua vizuri." Nikajiuliza ni kitu gani hicho. Mpunga naujua, lakini humu ndani wapo wanaoujua kunishinda. Nikaona kwamba jambo nililolifanya kwa bidii maisha yangu yote, mbali na kulima na kusomesha watoto, ni kusoma riwaya za upelelezi. Basi leo mtanivumilia.

Siku zetu kitabu kilifika kwa safari ndefu: treni kutoka Tabora hadi Mpanda, halafu juu ya magunia ya lori, kupita Sitalike na mbuga ya Katavi mpaka huku bondeni. Kikitufikia kilikuwa kimeshapita mikono thelathini, hakina jalada, na kinanuka mafuta ya taa. Tulikisoma kwa koroboi baada ya kengele ya kulala. Mwalimu mmoja wa zamu alininyang'anya Kufa na Kupona nikiwa nimefika mahali pazuri kabisa. Siku tatu baadaye nilipopeleka madaftari ofisini nilikiona mezani kwake, ukurasa wa katikati umekunjwa pembe. Sikusema kitu, naye hakusema. Ijumaa akanirudishia, akaniambia nisirudie tena. Hakueleza nisirudie kitu gani.

Wasomi huviita vitabu hivi riwaya pendwa, na wapo wanaolitamka jina hilo kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. Wanasema vinafundisha wizi na uasherati. Mimi nimevisoma karibu vyote vilivyonifikia na sijaiba hata kuku. Lakini sikuja kuvitetea vyote. Nataka kusema kipi ni kizuri na kwa nini, na kipimo changu nilikipata kwa aibu, kama mtakavyosikia.

Kitabu cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Mle ndani maiti ya Bwana Ali inakutwa penye mzimu, na watu hawana haja ya kuuliza zaidi: mahali penyewe pameshajibu. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum, ambaye kazi yake ni kustaajabu kwa niaba yetu. Anayemjua Sherlock Holmes wa Waingereza atamtambua baba yake Bwana Msa mara moja. Lakini mtoto huyu kalelewa Unguja. Anakaa barazani, anajua nani mtoto wa nani, na anapoambiwa kwamba mzimu umeua, hakasiriki wala hacheki. Anauliza tu: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na kwa nini?

Nakala iliyonifikia mimi haikuwa na kurasa za mwisho. Nadhani mtu alizivutia sigara ya msokoto huko njiani. Hebu fikirini uchungu wake! Niliwauliza waliokisoma kabla yangu, wote wakakutana na upungufu ule ule. Basi tukaunda mahakama bwenini. Mimi nilisimama juu ya kitanda nikamtaja muuaji, nikatoa hoja zangu, na kura zikapigwa. Wengi waliniunga mkono. Miaka mingi baadaye nilipata nakala kamili mjini Tabora, nikaisoma nimesimama mle mle dukani. Nilikuwa nimemhukumu mtu asiyehusika kabisa. Dalili zote zilikuwa mbele yangu, zimeandikwa kwa Kiswahili kizuri, na bado nilimfunga asiye na hatia kwa sababu sikumpenda tangu ukurasa alioingia.

Sasa nitasema jambo ambalo halimo kitabuni.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikwenda nyumbani likizo nikakuta msiba. Watoto wawili wa jirani yetu walikuwa wamekufa katika juma moja. Palikuwa na mama mmoja mjane, mzee, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Tulikuwa tukimwita Bibi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekula karanga zake mara nyingi. Likaitwa kundi la kamchape. Wazee wenzangu mnalijua neno hilo: watu wanaokuja na dawa na vioo, wanakusanya kijiji kizima uwanjani, na jioni lazima apatikane mtu. Akapatikana Bibi. Nyumba yake ikabomolewa paa. Usiku ule akaondoka na furushi moja, na hatukumwona tena.

Mfukoni mwangu nilikuwa na kitabu cha Bwana Msa. Nilisimama pale uwanjani pamoja na wengine, nikanyamaza.

Baada ya mwezi bwana mganga wa zahanati alitueleza kwamba ilikuwa surua. Watoto walikuwa wamekufa katika vijiji vitatu, na viwili kati ya hivyo Bibi hakupata kufika, kwa maana hata kisimani alikuwa akichotewa maji. Haikuhitaji mpelelezi kuyajua hayo. Ilihitaji mtu mmoja aulize kama kuna watoto wanaougua mahali pengine. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma kitabu cha kuuliza, nami sikuuliza.

Tangu siku ile nasoma riwaya za upelelezi kwa kipimo kimoja: je, mwandishi ananilazimisha kutafuta ushahidi, au ananikabidhi mchawi nimpige?

Baadaye sana nilisoma kwamba Muhammed Said Abdulla, kabla hajawa mhariri wa magazeti, alifanya kazi ya ukaguzi wa afya Unguja. Nilipolijua hilo nilielewa mengi. Bwana afya akiingia kijijini palipo na kifo huanza na choo na kisima. Na angalieni majina anayoyachagua. Kitabu chake cha mwaka 1968 ni Kisima cha Giningi, na Giningi katika masimulizi ya Unguja ni mji wa wachawi. Anakuita kwa jina linalokutisha, halafu anakuketisha chini ukague mambo kwa akili. Mimi nampa nafasi ya kwanza, na sijapata wa kumshusha, ingawa nakiri kwamba mazungumzo yake huwa marefu na vijana wa leo watasinzia mahali mahali.

Asije mtu akasema nawadharau wazee wetu. Mkwaju wa Katabi kando ya Ziwa Katavi naujua, na watu wanaoweka sadaka pale nawaheshimu. Kumkumbuka Katabi hakujambomolea mtu nyumba. Ninalolikataa ni mzimu kusingiziwa kazi ya binadamu, au bikizee kusingiziwa kazi ya surua. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumsingizia mtu uchawi ni kosa, lakini sheria haikuwepo pale uwanjani jioni ile.

Kwa upande wa bara nitamtaja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya 1965. Hapa mpelelezi ni askari kanzu, Inspekta Wingo, na mji ni Dar es Salaam. Wengi wetu hatukuwa tumeshika simu kwa mikono yetu, na kwetu chombo kile kilikuwa cha ajabu kuliko mzimu. Leo simu inaonyesha namba ya anayepiga na kila kijana hapa anayo au anaificha. Hata hivyo kisomeni, kwa sababu ni kifupi, kina kasi, na hakipotezi neno.

Halafu akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Ee bwana! Kufa na Kupona ilitoka 1974, Kikosi cha Kisasi 1979, Njama 1981. Vijana hamwezi kujua tulivyotetemeka. Kumbukeni kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na vita dhidi ya Makaburu na Wareno havikuwa hadithi. Katika Kufa na Kupona nyaraka za ukombozi zinaibwa, na Willy anakwenda Nairobi kuzitafuta. Katika Kikosi cha Kisasi yuko Kinshasa. Kijana wa Kitanzania anapanda ndege, anavaa suti, anawashinda majasusi wa mabeberu! Tulitembea kama yeye bwenini kwa muhula mzima.

Lakini kwa kipimo changu Willy anapungua. Mara nyingi adui tunamjua mapema, tena ni mtu wa mbali, na kinachobaki ni nani atawahi kuchomoa bastola. Nilikisoma Njama kwa usiku mmoja, na asubuhi sikuwa na swali hata moja kichwani.

Ben Mtobwa ni wa jirani zetu wa Kigoma, alizaliwa 1958 akafariki 2008, nami nampenda kwa lugha. Joram Kiango wake ana maneno, ana mzaha, na Nuru anayemfuata si pambo tu. Tutarudi na Roho Zetu na Salamu Toka Kuzimu nimevisoma mara tatu tatu. Mtobwa anajua kutisha. Hata hivyo mara nyingine Joram anafika kwa muuaji kwa mruko ambao mimi msomaji sikuonyeshwa ngazi yake, na hilo kwangu ni kama kamchape anayevuta pembe kutoka kwenye mkono wa shati.

Wa karibuni ninayemfuatilia ni Hussein Tuwa. Anzeni na Mkimbizi, kisha Utata wa 9/12. Tuwa amerudisha kitu nilichokikosa kwa muda mrefu: mtu anashukiwa na wote, na msomaji analazimika kuamua kama atakimbia pamoja naye au pamoja na wanaomfukuza. Katika Mkimbizi huyo anayekimbizwa ni mwanamke. Nilipokisoma nilikifunga mara mbili nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa nikiona furushi lile.

Kuhusu hadithi zinazotumwa kwa simu kipande kwa kipande, nimezijaribu. Zipo zenye vipaji. Ila mwandishi anayelazimika kutuacha roho juu kila siku hufika sehemu ya arobaini akiwa amesahau kisu alichokiacha mezani sehemu ya tatu. Kisu kikiwekwa mezani, mimi nakingoja.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Nimeleta boksi la vitabu kumi na viwili kwa ajili ya maktaba. Ndani yake imo ile nakala yangu ya zamani ya Mzimu wa Watu wa Kale, na kurasa za mwisho bado hazimo. Nakala nzima nimemkabidhi mwalimu wa maktaba aifungie kabatini. Mwanafunzi atakayeitaka ampelekee kwanza karatasi yenye jina la muuaji na sababu tatu.