Kabla Kiwanda Hakijawashwa: Sheria ya Mazingira na Watu wa Pemba



Pemba haijapata kuwa na viwanda vingi. Tukiulizwa, tunataja Kiwanda cha Makonyo cha Wawi. Umeme ulikuwa kikwazo kimojawapo: hadi waya wa chini ya bahari ulipotufikia kutoka Tanga mwaka 2010, tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Sasa umeme upo. Micheweni ilitengwa kuwa eneo huru la uchumi tangu mwaka 1992, na Chamanangwe inajengwa viwanda. Vijana wetu wanazihitaji ajira hizo, nami nataka zije. Ninalolisemea leo ni lile linalopasa kufanyika kabla mashine haijawashwa.

Tazameni jirani zetu wa Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilianza kazi ukutani mwa mtaa wa Owino Uhuru, kikitoa madini ya risasi kwa ajili ya kuuza nje. Mwaka 2009 kilimwajiri Phyllis Omido, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ikawa kusimamia ripoti ya athari za mazingira. Yaani ripoti ilitafutwa huku moshi umeshatanda juu ya mapaa ya watu. Alishauri kiwanda kihamishwe, hakusikilizwa. Baadaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi mwilini. Risasi ikishaharibu ubongo wa mtoto, hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakaazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na fungu kubwa la lawama likaangukia NEMA, mamlaka yenyewe ya mazingira. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabuni: mtoto aliyezaliwa kiwanda kikianza alikuwa na miaka 17 siku ile. Waliokufa hawakuisikia hukumu.

Hapa kwetu Tanzania, Jaji Lugakingira aliikatalia Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mwaka 1991 ilipoomba muda zaidi wa kumwaga taka Tabata. Alishangaa mamlaka ya umma kuiendea mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua, na akaegemea haki ya kuishi, Ibara ya 14 ya Katiba. Hukumu tukufu, nami huwasomesha wanafunzi wangu kila mwaka. Lakini taka zilipoondoka Tabata zilipelekwa Kunduchi Mtongani, nako kuna watu.

Ndiyo maana siitegemei sana mahakama. Mazingira si jambo la Muungano. Sheria ya mazingira ya Bara ya mwaka 2004 haivuki mkondo wa Pemba. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015, iliyounda ZEMA, mamlaka yetu ya mazingira, na kudai tathmini ya athari kabla ya mradi. Kinga yetu iko katika tathmini hiyo, ikifanywa kweli.

Ikifanywa kweli, maji ya visima na ya mabonde ya mpunga yapimwe kabla ya ujenzi, na nakala ya vipimo ibaki kwa sheha. Bila kipimo cha awali, mtu wa Micheweni atakayelalamika miaka kumi baadaye ataambiwa kisima chake kilikuwa hivyo tangu zamani, na hatakuwa na cha kujibu. Ripoti iandikwe kwa Kiswahili na isomwe mbele ya watu wa shehia.

Na mkutano wenyewe usiitishwe msimu wa karafuu, watu wakiwa makambini. Usiitishwe pia asubuhi ya bamvua, kwani maji yakitoka wanawake wako pwani kwenye mwani wao, na wao ndio watakaotangulia kuathirika maji machafu yakishuka baharini. ZEMA ikubaliane na masheha siku na saa kabla ya tangazo kubandikwa.