Ustadi Mezani: Mapendekezo ya Kanuni za Mchezo wa Pool kwa Mashindano ya Kata

Maelezo ya Ofisi ya Utamaduni, Sanaa na Michezo yaliyosomwa mbele ya wachezaji, wamiliki wa meza na wakazi wa kata



Chini ya mwembe wenye kivuli kizuri hawakosekani wazee wawili na ubao wa bao kati yao: mashimo 32, kete 64, wala hakuna dadu. Anayefungwa hapo hana wa kumlaumu. Alihesabu vibaya, mwenzake akahesabu vema. Hatua chache kutoka mwembeni, kwenye baraza ya duka au pembeni mwa klabu, ipo meza ya pool, na hapo mambo ni mengine. Aliyefungwa huapa kwamba yeye ndiye fundi, aliyeshinda hucheka huku akiita mpinzani mwingine, na mara nyingi wote wawili husema kweli.

Hilo la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa leo. Viongozi wa serikali katika maeneo mbalimbali wamekuwa wakikataza mchezo huu kuchezwa saa za kazi, na katazo hilo lina sababu zake. Hata hivyo, katazo husema mchezo usichezwe lini. Halisemi uchezwe vipi. Na ugomvi mwingi wa mezani hutokana na namna unavyochezwa.

Mchezo uliozoeleka una mipira 15. Mchezaji mmoja huchukua namba 1 hadi 7, mwenzake 9 hadi 15, na anayemaliza ya kwake hupiga mweusi, namba 8. Kanuni za kimataifa na zile za mtaani hukubaliana hadi hapo. Zinapoanza kuachana ndipo bahati inapoingia.

Chukua pigo la kwanza. Kwenye meza nyingi za mtaani, mweusi ukitumbukia wakati wa kutawanya mipira, mchezo umekwisha na aliyepiga ameshinda. Mpinzani wake hakugusa hata fimbo. Kanuni za kimataifa za mipira 8 hazimpi ushindi huo: mpigaji huchagua mweusi urudishwe mezani aendelee, au mipira ipangwe upya na apige tena pigo la kwanza. Ni vigumu kupata hoja ya kutetea desturi ya mtaani, isipokuwa kwamba inafurahisha watazamaji.

Jambo lenye uzito zaidi ni kutaja shimo. Mchezaji analenga namba 3 kwenye shimo la kona. Anakosa. Mpira unagonga ukingo, unarudi, unamgusa mwenzake, kisha unatumbukia shimo la katikati upande wa pili kabisa. Mtaani, mchezaji huyo anaendelea kupiga, na pengine anamaliza meza yote. Kwa kanuni ya kutaja, mpira uliotumbukia hubaki shimoni, lakini zamu yake imekwisha kwa sababu hakuuingiza mahali alipotaja. Hatakiwi kueleza mpira utapitia wapi wala utagonga nini. Hutaja mpira na shimo, basi. Pigo lililo wazi kwa kila mtu halihitaji hata kutajwa. Mpinzani akiwa na shaka, huuliza kabla ya pigo.

Kanuni hiyo ndogo hubadilisha tabia ya mchezaji. Anayejua kwamba pigo la nguvu lisilo na shabaha halimsaidii huacha kupiga kwa nguvu. Huanza kufikiria mpira mweupe utasimama wapi baada ya pigo, na huo ndio ufundi wenyewe wa pool. Watazamaji nao hupata cha kushuhudia: neno limesemwa, wote wamelisikia, na mabishano ya kama alikusudia au hakukusudia hukosa nafasi.

Kuna pia suala la kujihami. Vijana wengi humwona mchezaji anayeficha mpira mweupe nyuma ya mipira mingine kuwa mwoga, na baadhi ya meza humzomea. Hiyo ni dhuluma kwa mchezaji mwenye akili. Katika kanuni za kimataifa mchezaji anaweza kutangaza kwamba anajihami, na zamu ikahamia kwa mpinzani hata kama mpira umetumbukia. Mcheza bao yeyote ataelewa mara moja.

Ni kweli kwamba kutaja shimo hakuondoi bahati yote. Mipira hutawanyika ipendavyo baada ya pigo la kwanza, na kitambaa kilichochanika hakijui fundi ni nani. Dawa ya mabaki hayo ni wingi wa michezo. Tuseme mchezaji fulani ana uwezo wa kushinda michezo 6 katika kila 10 dhidi ya mpinzani wake. Wakicheza mmoja tu, mchezaji dhaifu huondoka na kombe mara 4 katika 10. Wakicheza mpaka mmoja afikishe ushindi wa michezo 3, fundi hushinda takriban mara 68 katika 100. Wakienda mpaka 5, hufika mara 73. Ushindi wa mchezo mmoja, ambao ndio mtindo wa mtaani, unakaribiana mno na kurusha sarafu.

Hapa maslahi ya wamiliki wa meza hayana budi kusemwa wazi. Meza hula sarafu kwa kila mchezo, na michezo inayokwisha haraka huleta sarafu nyingi. Kanuni za ustadi hurefusha kila mchezo. Lakini mechi ya kufikisha 5 haina chini ya michezo 5 wala haizidi 9, na kila mmoja una sarafu yake. Hesabu hiyo si mbaya kwa mmiliki.

Kwa wale wanaotaka kwenda mbali zaidi, upo mchezo wa mipira 10, ambamo mpira wenye namba ndogo kuliko yote mezani lazima uguswe kwanza na kila pigo hutajwa. Upo pia mchezo wa zamani wa kuendeleza, ambamo kila mpira uliotajwa ni pointi moja, na mipira 14 hupangwa upya kila unapobaki mmoja. Katika mchezo huo Mmarekani Willie Mosconi aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa mwaka 1954. Hakuna anayeweza kuiita 526 bahati. Kwa bahati mbaya meza za sarafu hufungia mipira iliyoingia, hivyo mchezo huu utasubiri meza za aina nyingine.

Kuhusu dau, msimamo ni mfupi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu asiyetimiza miaka 18 kushiriki michezo hiyo, na mashindano ya kata yanapendekezwa yachezwe bila dau lolote. Kijana aliyepoteza ujira wa siku nzima kwa mpira uliopotea njia hatulizwi kwa kuambiwa kesho bahati itamgeukia.

Kanuni hizi zinakusudiwa kwa mashindano. Jioni za kawaida, marafiki wataendelea kucheza wapendavyo. Inapendekezwa zibandikwe ukutani karibu na kila meza itakayotumika, na kila mechi iwe na mwamuzi asiyetoka kijiji cha mchezaji yeyote kati ya wawili hao.

Limebaki moja ambalo halijapata jibu: mweusi ukitumbukia katika pigo la kwanza kwenye meza ya sarafu, nani atalipia mchezo wa marudio? Pendekezo lililopo ni kwamba mmiliki afungue meza kwa ufunguo wake bila malipo. Wamiliki wenye maoni tofauti wayawasilishe kwa Mtendaji wa Kata kabla ya ratiba kupangwa.