Tarehe 20 Oktoba katika Historia ya Kenya na ya Machakos

Tarehe 20 Oktoba iliingia katika historia ya Kenya kwa sahihi ya mtu mmoja. Jioni ya siku hiyo, mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring, ambaye alikuwa hajatimiza mwezi tangu awasili Nairobi, alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Chifu Waruhiu alikuwa ameuawa tarehe 7 mwezi huohuo, na walowezi walikuwa wakiishinikiza serikali iwavunje Mau Mau kwa nguvu. Askari wa kikosi cha Lancashire Fusiliers walisafirishwa kwa ndege kutoka Misri. Umma haukuambiwa lolote mpaka msako ulipoanza: usiku wa kuamkia tarehe 21, polisi walitoka na orodha ya watu wapatao 180. Jomo Kenyatta alichukuliwa nyumbani kwake Gatundu. Kwa hiyo siku inayoadhimishwa ni ya sahihi. Wengi wa waliokamatwa walitiwa mbaroni usiku wa manane ulipokwisha kupita.

Watu sita walishtakiwa Kapenguria: Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Achieng' Oneko na Paul Ngei. Ngei ni mwana wa Machakos, na ukoo wake hutajwa kuwa ni wa Masaku, mzee ambaye mji wenyewe umebeba jina lake. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu wote kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Ngei alifungwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana. Kuwapo kwake miongoni mwa hao sita kunastahili kutiliwa mkazo, maana simulizi ya miaka hiyo husimuliwa mara nyingi kana kwamba iliwahusu watu wa Mlima Kenya peke yao.

Baada ya uhuru, tarehe hiyo ikawa sikukuu ya taifa kwa jina la Kenyatta. Jina la mmoja likawafunika wenzake watano, pamoja na maelfu waliopitia kambi za kizuizini. Kasoro hiyo ilirekebishwa na Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ambayo kifungu chake cha 9 kinaitaja 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa. Sherehe ya kwanza chini ya jina jipya ilifanyika mwaka huohuo.

Mwaka uliofuata siku hiyo ilibeba mengi. Wanajeshi wa Kenya walikuwa wameingia Somalia siku chache tu kabla. Nairobi, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu ya Tom Mboya katika barabara ya Moi, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Mboya, ingawa asili yake ni Rusinga, alizaliwa katika shamba la mkonge upande wa Kilima Mbogo na kusoma katika shule ya misheni ya Kabaa, huku Ukambani. Siku hiyohiyo, mjini Sirte, Muammar Gaddafi aliuawa.

Matukio hayo mawili, la Nairobi na la Sirte, hayana uhusiano wowote ila kalenda. Ndivyo ilivyo pia kwa jumba la opera la Sydney, lililofunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth tarehe 20 Oktoba 1973. Sanamu ya Mboya ni jambo jingine: ilizinduliwa siku hiyo kwa makusudi, kwa sababu taifa lilikuwa limekwisha kuitenga kwa ajili ya mashujaa. Mwanahistoria hana budi kutofautisha matukio yaliyogongana tu na yale yaliyopangiwa tarehe, maana haya ya pili ndiyo yanayoonyesha watawala walitaka nini kikumbukwe.

Tarehe 20 Oktoba 2016 sherehe za kitaifa zilifanyika katika Uwanja wa Kenyatta, Machakos, mjini kwa Ngei. Ulikuwa mwanzo wa desturi ya kuzihamishia sherehe hizo kaunti nyingine: Kakamega mwaka 2018, Mombasa 2019, Kisii 2020, Kirinyaga 2021, Kericho 2023 na Kwale 2024. Mwaka 2025 zilirejea Ukambani, safari hii katika uwanja wa Ithookwe, Kitui.