Mwalimu wa Sayansi Naye Afundishwe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa Kalemie)

Wandugu wafanyakazi, wamama wa soko, na ninyi wazee wetu,

Wengi walidhani nitasema juu ya mishahara. Mishahara ina siku yake. Leo nasema juu ya mwalimu wa hesabu na sayansi, kwa maana tunaanza kuibiwa darasani, kabla hatujafika mbele ya mzani wa kompanyi.

Waliofanya kazi Manono wanajua kuosha kasiteriti. Maji yanapita, mchanga unakwenda zake, kasiteriti inabaki chini. Sababu ni nini? Ukijaza chupa ileile, kasiteriti ni nzito karibu mara 7 kuliko maji, na mchanga mara 2 na nusu tu. Lakini jiwe la litiamu, linaloitwa spodumeni, ni mara 3 hivi, si mbali na mchanga. Kwa kuosha tu halitengani. Wabelgiji wa Géomines walikuwa wakitafuta bati, basi mengi ya mawe hayo yalibaki katika malundo ya uchafu. Leo dunia inayatafuta kwa betri za motokari, na kompanyi zinapelekana mahakamani kwa ajili ya Manono. Na sisi? Tutabeba mawe na kuandika magunia, kama baba zetu, ikiwa hakuna mtoto wetu anayejua kupima kilichomo ndani.

Mtoto wa miaka 13 aweza kuelewa neno hili kwa beseni, chupa na mzani wa soko. Lakini ingieni darasani. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa, watoto wanakopi, kesho wanasema kwa kichwa. Simlaumu. Alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha vilevile.

Jambo hili lina mzizi. Mwaka 1959 Wabelgiji waliwasha reaktori ya atomi katika universite ya Lovanium, ya kwanza katika Afrika. Mwaka uliofuata tulipata uhuru, na Wakongo wenye diploma ya universite hawakupita 30. Elimu ilikuwa katika inchi yetu, haikuwa yetu. Mwaka 1961 ilifunguliwa shule kubwa ya kutengeneza walimu kule Kinshasa. Vema. Lakini mwalimu akiisha kutumwa Nyunzu au Moba, nani anamfuata?

Wakenya walijiuliza neno hilohilo. Mwaka 1998, pamoja na Wajapani, walianza kufundisha walimu wa hesabu na sayansi walio tayari kazini, na leo wana kituo chao Nairobi, CEMASTEA. Walimwambia mwalimu: panga somo, lifundishe, lichunguze, litengeneze, kama chombo hakuna, buni chako. Huko Ujapani walimu wana desturi ya zamani: mmoja anafundisha, wenzake wanakaa nyuma na kutazama watoto, nani ameelewa, nani amekopi tu. Kisha wanajadili, na mwingine anafundisha somo lile tena. Huo ni utafiti, wandugu, hata kama hakuna aliyevaa koti jeupe.

Hapa kwetu vyombo viko. Ziwa lilipanda mwaka 2021, tena 2024, nyumba za ndugu zetu zikaingia majini. Nguzo moja yenye alama, pale Lukuga inapotoka ziwani, watoto wakiisoma kila juma, ingewafundisha hesabu kuliko daftari zima.

Serikali ilifanya shule ya msingi kuwa bure mwaka 2019, na madarasa yakajaa. Programu za sayansi za sekondari nazo ziliandikwa upya kwa feza za Benki ya Dunia. Programu ni karatasi. Mwalimu ndiye anayesimama mbele ya watoto 60.

Kuna anayesema: mwalimu mwenye njaa hatafiti kitu. Kweli, na chama kitaendelea kudai mshahara wake. Lakini hili halingoji Kinshasa. Kila kundi la chama lichague shule tatu za mtaa wake, liombe wakubwa wa shule mchana mmoja kila mwezi, walimu wakutane na kutazamana wakifundisha. Watu wa mine walete mawe na waonyeshe kuosha. Wamama waazime mzani. Sisi makarani tutaandika yaliyoonekana, ili mwalimu wa mtaa wa pili ayasome.