Udongo wa Shamba la Zamani Kabla ya Kupanda Maua
(Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi)



Chama kinachoamua kung'oa mibuni mikongwe katika miteremko ya Kilimanjaro ili kupanda waridi, mara nyingi hukimbilia kununua miche. Ninyi mnaotia saini hati za malipo nawaombeni muanze na udongo, kwani mche uliokufa umelipiwa kwa fedha ile ile ya mche ulio hai, nayo ni fedha ya wanachama.

Ardhi iliyobeba mibuni miaka thelathini au arobaini si ardhi mpya. Imenyunyiziwa mrututu na dawa nyingine za shaba msimu baada ya msimu, kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Shaba haiozi, wala mvua haiiondoi upesi. Hulimbikizana katika tabaka la juu, na ikizidi hudhuru mizizi michanga. Madhara hayo huwa makubwa zaidi palipo na uchachu, na mbolea ya SA iliyotiwa miaka mingi huuongeza uchachu huo. Mwenye haidrenjia uani kwake zinazochanua buluu amekwisha kupewa dokezo bila malipo, ingawa dokezo si kipimo.

Kipimo ni cha maabara. Chukueni udongo mahali kumi na tano shambani, kina cha sentimita 20, mchanganye katika ndoo safi ya plastiki, mwanike kivulini, kisha mpeleke nusu kilo Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ombeni shaba nayo ipimwe. Asiyepima hajui atie chokaa kiasi gani, na chokaa iliyozidi huyageuza majani ya waridi kuwa manjano. Chokaa itangulie, samadi ifuate baada ya majuma kadhaa. Vikitiwa pamoja, naitrojeni ya samadi hupotea hewani.

Visiki ving'olewe na mizizi yake yote, maana ukungu wa kuozesha mizizi hukaa humo na kuhamia katika waridi. Sangari iondolewe kwa jembe la uma na mikono. Plau huikata vipande, na kila kipande huota. Kisha samadi iliyooza vizuri, debe mbili kwa kila mita ya mraba.

Mkiona mizizi ya magugu ina vinundu, hao ni minyoo fundo. Pandeni marigodi kwa kusongamanisha, miezi mitatu au zaidi, kisha mzifukie. Wapo watakaonung'unika kwamba msimu umepotea. Kwa maoni yangu msimu mmoja ni gharama ndogo kuliko shamba zima la miche iliyodumaa.

Katika bustani ya ofisi, waridi jipya lisipandwe katika shimo la waridi la zamani. Ondoeni udongo huo upana na kina cha sentimita 45, mlete mwingine kutoka shamba la mahindi; ule wa zamani mahindi hayataukataa.

Miche iagizwe baada ya majibu ya maabara kusomwa mbele ya kamati, isiwe kabla.