Siku Ambayo Himma Imelala
(Nasaha iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa na vijana, baada ya swala ya Alasiri, katika msikiti mmoja mjini Morogoro)

  

Ndugu zetu katika imani, uongozi wa msikiti umetutaka tuzungumze juu ya uvivu. Tumekubali, lakini kwa sharti moja: tusilitumie neno hilo kama fimbo. Katika miji yetu ni jambo jepesi mno kumwita kijana mvivu. Tunamkuta amekaa kibarazani asubuhi, tunampa jina hilo, kisha tunapita tukiwa tumeridhika na nafsi zetu kana kwamba tumetoa dawa.

Wanavyuoni wetu walikuwa na uangalifu zaidi. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na mambo kadhaa, na miongoni mwake alitaja 'ajz' na 'kasal', kila moja kwa jina lake. Wafafanuzi wakasema: 'ajz' ni kutokuwa na uwezo wa jambo, na 'kasal' ni nafsi kuwa nzito ilhali uwezo upo. Kuna neno la tatu, 'futuur', nalo ni kupoa kwa kitu baada ya kuwa moto, mithili ya maji yaliyotoka jikoni. Mtu mwenye futuur si mvivu kwa tabia. Jana alikuwa akifanya kazi kwa bidii, na kesho huenda akaifanya tena. Leo tu ndiyo mkono hauinuki. Ni huyu tunayetaka kuzungumza naye.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa madrasa, kwa kuwa wengi waliokaa hapa mbele ni walimu. Hana mshahara wa kutajika. Anaishi kwa vijisenti wanavyoleta watoto kila wiki na kwa shamba dogo, au kwa cherehani, au kwa bodaboda anayoendesha asubuhi. Inafika Alasiri ya mwezi wa Aprili, masika yamekolea, Lupanga yote imefunikwa na wingu, na mwalimu amelala chali akitazama dari. Si mgonjwa. Anajua kwamba watoto ishirini wanakuja na juzuu zao zimefungwa ndani ya mifuko ya nailoni. Lakini mwili umekuwa kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Anajiambia: leo mvua, hawatakuja. Nao wanakuja, wanakuta mlango umefungwa. Likitokea hilo mara tatu, mzazi anamhamishia mtoto kwenye masomo ya ziada ya shule, na mtoto yule ambaye alikuwa amefikia Suratul-Alaq haonekani tena katika safu. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Amepotea kwa sababu ya siku tatu za himma iliyolala.

Kwa hiyo jambo hili si dogo. Lakini tiba yake si kelele. Siku hizi wako wahamasishaji wanaokodi kumbi, wakapiga makofi, wakawataka watu warukeruke na kuamini kwamba hakuna kisichowezekana. Tumewasikiliza baadhi yao. Wanasema maneno mazuri, lakini mtu akirudi nyumbani, dari ni ile ile. Aliyempa moto hakumpa kuni.

Tazameni alivyofanya Mtume (s.a.w.). Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa kuwa ni ya Zainab, ambaye huning'inia kwayo akichoka katika swala za usiku. Hakuisifu kamba ile. Aliamuru ifunguliwe, akaelekeza kuwa mtu aswali akiwa na uchangamfu wake, na akichoka akae. Fikirini juu ya hilo, enyi walimu. Zainab, mama wa waumini, alikuwa katika ibada tukufu, na bado kamba ikafunguliwa.

Na Hanzala (r.a.), kama ilivyopokewa na Muslim, alitoka nyumbani akihofu kuwa amekuwa mnafiki, kwa sababu alipokuwa mbele ya Mtume aliiona Pepo na Moto kama kwa macho, lakini akirudi kwa watoto na mashamba yake hali ile hutoweka. Akakutana na Abubakar Swiddiq (r.a.), naye akakiri kuwa hukutwa na hayo hayo. Abubakar! Wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye akawafahamisha kuwa lau wangedumu katika hali ile moja, malaika wangewapa mikono njiani na vitandani mwao, lakini mwanadamu ana saa ya hili na saa ya lile. Basi kijana anayedhani kuwa kupoa kwa siku moja ni dalili ya kuharibikiwa kwa dini yake, amejitwika mzigo ambao hata masahaba waliondolewa.

Sasa tugeukie milima yetu hii, kwani ina somo ambalo wazee wa Matombo wanalifahamu kuliko sisi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Iliona kuwa udongo unamomonyoka, nayo ilikuwa na haki ya kuliona hilo, kwa kuwa mito inayotoka huku, ukiwemo Ruvu, ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko mikali. Aliyekataa alitozwa faini. Watu wakaonekana wavivu na wakaidi. Lakini katika sehemu nyingi za mlima udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi, udongo mzuri unafukiwa na udongo mfu unatokeza juu. Mkulima anafanya kazi nzito, kisha anavuna kidogo kuliko mwaka uliopita. Mwezi Julai mwaka 1955 mambo yakalipuka huko Matombo. Watu walikusanyika kupinga, polisi wakatumia silaha, na mtu akapoteza maisha. Mpango ule ukaachwa.

Na ajabu ni kwamba upande wa pili wa milima hiyo hiyo, kule Mgeta, watu walikuwa na ngazi zao wenyewe. Hufyeka majani na mabaki ya mazao, huyapanga kwa kukata mteremko, kisha huyafunika kwa udongo wa juu, na msimu unaofuata hupanda juu yake. Hakuna aliyewasimamia kwa kiboko. Kabichi, njegere na viazi vya Nyandira vinafika masoko ya Dar es Salaam mpaka leo. Waluguru ni wale wale, na jembe ni lile lile.

Nafsi ya mtu nayo ni mteremko wa namna hiyo. Ikigoma, usikimbilie kuitoza faini. Iulize kwanza. Huenda kazi uliyoipa inafukia udongo wake mzuri: umejipangia kuhifadhisha watoto kurasa mbili kwa siku ilhali hawajaweza kutofautisha 'ha' na 'kha', na kila jioni unatoka na koo kavu bila mavuno. Katika hali hiyo aliyepoa hana haja ya kuhimizwa. Ana haja ya kupunguza kurasa.

Mjini kwetu tunao ushahidi wa mipango mikubwa kuliko miguu. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia kikikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo huo mpaka kilipofungwa. Wako vijana waliojijengea viwanda vya namna hiyo vichwani mwao. Kila siku wanashindwa kutengeneza jozi milioni 4, na kwa sababu hiyo hawatengenezi hata jozi moja.

Njia ya Sunna ni kinyume chake. Tumefundishwa kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata kama ni ndogo. Na tumeelezwa katika hadithi nyingine kuwa mtu anapolala Shetani humfunga mafundo matatu kisogoni, na akiamka akamtaja Allah linafunguka fundo moja, akitawadha linafunguka la pili, akiswali linafunguka la tatu, ndipo anapokucha akiwa mchangamfu. Angalieni mpangilio. Hakuambiwa awe mchangamfu kwanza ndipo aswali. La kwanza ni la ulimi, mtu anaweza kulifanya angali amelala chini ya shuka. La pili linahitaji maji na hatua chache. La tatu ndilo linalohitaji mwili mzima. Uchangamfu umekuja mwisho, kama malipo, wala haukuwekwa mlangoni kama sharti. Wengi wetu tunangoja hamu ije ndipo tuanze, na hamu nayo inangoja tuanze ndipo ije.

Mtusamehe kwa mfano ufuatao, kwa kuwa tuko msikitini na mnyama mwenyewe hana heshima kubwa majumbani mwetu. Hapa hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi. Panya hafundishwi kutwa nzima. Hutolewa asubuhi kabla jua halijawa kali, hufanya kazi kwa muda mfupi, na kila anapotambua harufu sahihi husikia mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha ndizi au karanga. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa hapa mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na mpaka anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua zaidi ya mabomu na silaha 100 zilizofukiwa. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza. Kiumbe asiyefika kilo mbili ameokoa miguu ya watoto asiowajua, kwa muda mfupi kila asubuhi. Nasi tuna akili, tuna wahyi, na ndizi za Kinole zi tele.

Swali linabaki: je, katika siku yenyewe, mwalimu afanye nini? Hapa tunapenda kumtaja Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria, sawa na mwaka 1201 Miladia, mmoja wa waandishi wenye vitabu vingi mno katika umma huu. Katika Saydul-Khatir anaeleza kuwa alisumbuliwa na wageni wanaokuja kupiga soga tu. Kuwafukuza aliona vibaya, na kukaa nao bure aliona hasara. Akatenga kwa ajili ya saa hizo kazi zisizohitaji moyo uliokusanyika: kukata karatasi, kuchonga kalamu, kufunga madaftari. Kazi hizo ni za lazima na hazitaki fikra, basi akaziwekea akiba ili zisile saa zake za uandishi.

Sisi tunaona kwamba uzito wa nafsi nao ni mgeni wa namna hiyo. Mwalimu awe na kalamu zake za kuchonga. Ziko juzuu zilizochanika zinazotaka gundi na uzi. Uko ubao unaotaka kupakwa rangi. Iko orodha ya mahudhurio, ambayo katika madrasa nyingi haipo kabisa, na ndiyo maana hatujui nani amepotea mpaka apite mwaka. Na siku hiyo watoto wasipewe somo jipya. Wakubwa wawasikilize wadogo katika yale waliyokwisha kuhifadhi, mwalimu akiwa amekaa kwenye mkeka anashona juzuu. Jambo moja tu lisiguswe: mlango ufunguliwe kwa saa yake.

Hata hivyo, tunalazimika kutoa tahadhari. Tumezungumza juu ya siku moja, au siku mbili. Mtu ambaye uzito wake umepita wiki mbili, hapati usingizi au halali ila kulala tu, chakula hakimpendezi, na hata mtoto wake akicheka yeye hafurahi, huyo hayumo katika mazungumzo ya leo. Huenda ana malaria iliyojificha, upungufu wa damu au kisukari. Huenda ana sonona, nayo ni maradhi yenye tiba. Mpelekeni hospitali. Msimwambie kuwa imani yake ni dhaifu, na msikimbilie kwa mganga kumtafutia nani kamtupia jini. Kumwombea dua ni wajibu wetu, na Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha dua ndiye aliyetuamuru pia tutafute dawa.

Na mliobaki, ambao ni wazazi, mna sehemu yenu. Mwalimu anayelala njaa Jumanne hawezi kulaumiwa kwa futuur ya Jumatano. Kamati ya madrasa itakutana baada ya Isha kuzungumzia posho za walimu, na tunaomba safari hii wajumbe wafike.

Wabillahi tawfiiq.